Gari Hukaguliwa Jikoni

Mtaani kwao hakuna aliyethubutu kununua gari lililotumika bila kupita kwanza kwa Bwana Mita. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki gari. Leseni hakuwa nayo, na ukimfungulia boneti akachungulia ndani, alichokiona ni vyuma vingi na waya nyingi, basi. Lakini hayo hayakumpunguzia heshima hata chembe, kwa sababu Bwana Mita hakuwa akikagua magari. Alikuwa akikagua wenye magari.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kusoma mita za maji. Aliingia nyua za watu mchana kutwa, akainama juu ya kisanduku cha mita, akaandika tarakimu zake, na alipokuwa akiandika, jicho lake halikukaa bure. Aliona milango iliyopinda, viatu vilivyotupwa ovyo, mabomba yanayovuja na wenyewe wamekaa kivulini wanapiga soga. Kutokana na ziara hizo akajitungia elimu yake, na elimu hiyo akaitangaza kwa kinyozi, dukani, na popote palipokuwa na watu wawili wasio na haraka.

"Usinieleze habari za injini," alikuwa akisema, kidole juu. "Nipeleke nyumbani kwa anayeuza. Niingie jikoni. Nikikuta bomba linadondosha maji, gari hilo usiliguse. Mtu ameshindwa kubadilisha mpira wa bomba, kitu kidogo hivi, leo hii atakumbuka kubadilisha oili?"

Watu waliguna kwa kukubali, na tuseme haki, maneno yenyewe yalikuwa na utamu. Kwa hiyo wakampeleka. Akifika kwa mwenye gari, Bwana Mita aliomba maji ya kunawa mikono, na alipopelekwa jikoni ndipo kazi ilipoanza. Alifungua bomba akafunga, akategea kiganja chini yake kuona kama litadondosha. Alisukuma mlango kwa kidole kimoja kusikiliza bawaba. Aliwasha taa na kuzima. Akiweza, aliomba na choo, avute maji asikie kama tangi linajaa vizuri. Kisha alitoka hadi getini, mikono nyuma, akatoa hukumu. Waliopata gari zuri walimshukuru. Waliopata bovu aliwauliza kwa upole kama walikuwa na hakika kwamba siku ile mwenye nyumba hakuwa ameazima nyumba ya mtu.

Na kama msikilizaji alikuwa mbishi, Bwana Mita alimpeleka kwake kuona mfano. Nyumba yake ilikuwa ndogo lakini imenyooka. Bomba la jikoni alilifungua na kulifunga mbele ya mgeni, lisitoe hata tone. Mlango wa uani ulijifunga wenyewe polepole, bila kelele. "Hivi ndivyo inavyokuwa nyumba ya mtu makini," alisema, akijipigapiga kifua. Mkewe alikuwa pembeni kwenye cherehani. Aliuma uzi, akaukata, akageuza kitambaa na kuendelea kushona.

Mkewe huyo mtaa mzima ulimwita Mama Pazia. Alishona mapazia ya majumbani na ya maofisini, na hakuna aliyempita kwa kunyoosha pindo. Shida yake ilikuwa njiani. Pazia la ukumbi ni zito, na kulifunga nyuma ya pikipiki ni kulitafutia balaa. Mara moja lilichomoka likaburuzwa matopeni, na mteja akalikataa hata baada ya kufuliwa na kupigwa pasi upya. Sasa alikuwa amepata kazi ya kumkata mtu usingizi kwa furaha: nyumba ya wageni iliyokuwa ikimaliziwa kujengwa ilitaka mapazia ya vyumba vyote. Mwenye nyumba alimwekea sharti moja, kwamba ayalete na kuyatundika mwenyewe, yakiwa safi, mwisho wa mwezi. Akishindwa, kazi itakwenda kwa mwingine.

"Nataka gari dogo linalowaka asubuhi," Mama Pazia alimwambia mumewe. "Sina sharti jingine."

Leseni alikwisha kuipata, na akiba ilikuwepo, yake, ya miaka ya kukanyaga cherehani. Ilitosha gari moja. Gari hilo likiwa bovu hakukuwa na la pili, na mapazia yangerudi kwenye pikipiki. Bwana Mita alilielewa hilo vizuri kabisa, na ndiyo maana alisema, "Mama watoto, kuwa na amani. Jambo hili liko mikononi mwangu."

Gari la kwanza lilikuwa la mkunga aliyepata uhamisho wa kwenda hospitali ya mbali na kupewa nyumba ndani ya uwanja wa hospitali. Walipofika, Bwana Mita alianza kutikisa kichwa kabla hajaingia. Geti lilikuwa limefungwa kwa waya. Viatu vilikuwa kila mahali, kimoja juu ya kingine, na kingine peke yake karibu na maua.

"Karibuni, karibuni, samahanini kwa fujo," mkunga alisema. Alikuwa bado na sare ya kazini. "Nimetoka zamu sasa hivi, hata kukaa sijakaa."

Bwana Mita akaomba maji ya kunawa. Jikoni alikuta vyombo vimerundikana hadi kwenye dirisha, na bomba juu yake likilia ndani ya beseni. Ndo! Ndo! Ndo! Alilikaza. Ndo! Akasimama pale akilitazama kwa huzuni ya daktari aliyechelewa kuitwa.

Nje, mkunga alikuwa amempa Mama Pazia ufunguo, na gari likawaka mara moja. "Nakuambia yote, dada," mkunga alikuwa akisema. "Ukiwasha kiyoyozi mlimani linachoka. Mlango huu wa nyuma mpaka uubamize. Matairi ya mbele mapya, ya nyuma hayatafika mwakani. Namba ya fundi wangu hii hapa, muulize chochote. Mimi huitwa saa yoyote, na mtoto hasubiri mtu asukume gari."

Mama Pazia alizima, akawasha tena. Alitabasamu. Mumewe alitokea mlangoni akiwa amekunja uso, akaaga kwa adabu, akamshika mkewe mkono hadi getini, akaufungua ule waya kwa ncha za vidole.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini? Gari limewaka."

"Limewaka leo. Umeliona lile beseni?"

"Nimeliona. Sikuja kununua beseni."

"Mke wangu, utanishukuru."

Mama Pazia aligeuka akalitazama gari. Akamtazama mumewe. Angeweza kusema mengi, na siku nyingine angeyasema, lakini mtaa mzima ulikuwa ukimwamini mtu huyu, na yeye ndiye aliyekuwa akilala naye. Akarudi kumpa mkunga ufunguo wake, wakaondoka.

Wakaona magari mengine. La mwalimu lilikataliwa kwa sababu ya swichi iliyoning'inia. La mwenye duka la dawa lilikataliwa kwa sababu ya choo. Siku zilikuwa zikienda, mapazia yalikuwa yakikamilika na kupangwa juu ya kabati, na Mama Pazia alianza kuhesabu vyumba vya ile nyumba ya wageni usingizini.

Ndipo wakapelekwa kwa Bwana Bima.

Bwana Bima aliuza bima, na alikuwa mtu wa kunyoosha: suruali imenyooka, maneno yamenyooka, na nyumba, ewe msomaji, nyumba ilikuwa imenyooka hadi Bwana Mita akakosa pumzi. Geti lilifunguka bila sauti. Viatu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Jikoni alifungua bomba, akalifunga, akategea kiganja. Akangoja. Akangoja tena. Kiganja kilibaki kikavu. Alisukuma mlango, ukaenda ukarudi ukatulia. Aliinama akatazama skrubu za swichi, akakuta zote zimekazwa zikaelekea upande mmoja. Machozi yalimlengalenga.

"Ndugu yangu," alimwambia Bwana Bima, "mimi nimeingia nyumba nyingi."

Bwana Bima hakuwa mgeni wa watu wanaotaka kusadiki jambo, ndio waliomlisha. "Kwangu hapa, bwana," alisema akimwongoza sebuleni, "kitu kikilegea asubuhi, mchana kimeshakazwa. Mimi siwezi kuishi na kitu kilicholegea."

"Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo hasa!"

"Na gari ni vilevile."

"Usiseme zaidi. Nimeshaliona."

"Hujaliona bado, liko nyuma."

"Nimeliona jikoni," alisema Bwana Mita.

Wakaketi, wakapakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu alimsifu mwenzake kwa macho makali, mwenzake akamsifu kwa nidhamu ya nyumba. Kutoka jikoni, walikobaki wake zao, ilisikika kwanza minong'ono, kisha kicheko cha Mama Pazia, kisha vicheko viwili kwa pamoja. Bwana Mita alifurahi. Wanawake wakipatana, alifikiri, na hiyo nayo ni dalili njema ya gari. Walipotoka kwenda uani, lile gari dogo lilikuwa limeegeshwa kivulini, jeupe, linang'aa kama sahani ya wageni. Hakuligusa. Alimpa Bwana Bima mkono, wakatikisana hadi mabega.

"Mama watoto!" aliita. "Njoo, tumemaliza."

Mama Pazia alitoka jikoni akifuta machozi ya kicheko. Alipoona ile mikono imeshikana, kicheko kilimkauka.

"Kabla sijafungua mkoba," alisema, "naomba boneti ifunguliwe."

Bwana Mita alihisi masikio yake yakipata moto. Hili la boneti lilikuwa kama kumvua nguo mbele za watu. "Mke wangu, nimeshampa bwana mkono."

"Mkono ni wako, baba watoto. Mkoba ni wangu."

"Hakuna tabu, hakuna tabu," alisema Bwana Bima, akicheka kwa upole anaowawekea wateja. Akaingia kwenye gari, akapapasa chini ya usukani, akavuta kitu. Kwa nyuma, kifuniko cha tangi la mafuta kikafunguka. "Samahani, si hicho." Akavuta kingine, buti likanyanyuka. Akabonyeza kitu, vifutio vikaanza kukwaruza kioo kikavu, kwenda na kurudi. Akajaribu kuvizima, honi ikalia. Jasho lilianza kumtoka kwenye shingo ya shati. Alifungua kasha la mbele, akatazama chini ya kiti, akainua zulia, akamtazama Bwana Mita kama mtu anayetarajia ndugu yake amsaidie, na Bwana Mita akatazama maua.

Hapo mke wa Bwana Bima akatoka jikoni akifuta mikono kwa aproni. "Ningekusaidia, mume wangu," alisema kwa sauti ya adabu kabisa, "lakini ulinikataza nisiliguse. Ulisema gari ni mambo ya wanaume."

Mama yule akazunguka hadi mlango wa dereva, akaingiza mkono pembeni ya miguu ya mumewe, akavuta. Boneti ikalia ko! Wakainyanyua.

Juu ya injini kulikuwa na kiota kipana cha vipande vya gazeti, nyuzi za zulia na pamba ya kiti. Panya mmoja mkubwa aliwatazama wote, kisha akaondoka bila haraka, kama mpangaji aliyepewa notisi siku nyingi. Mama Pazia alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka kikavu.

"Linawaka?" aliuliza.

"Linawaka, dada," alijibu mke wa Bwana Bima. "Tukilisukuma. Leo asubuhi tulilisukuma hadi hapa kivulini."

Bwana Mita alikuwa amepigwa na butwaa. "Lakini bomba," alisema. "Bomba lile!"

"Bomba nimelikaza mimi," alisema yule mama.

"Na bawaba?"

"Mimi."

"Na... skrubu za swichi?"

"Mimi, shemeji. Nyumba yote mimi. Huyu kazi yake ni kuwaonyesha wageni."

Mama Pazia aliufunga mkoba wake vizuri, akamshukuru yule mama kwa chai, wakaaga. Bwana Bima alikuwa bado anahangaika kuzima vifutio.

Njia nzima Bwana Mita alicheka. Ilikuwa lazima acheke. Kama asingecheka angelazimika kufikiri. "Mwanamume mzima!" alisema. "Anasimama anajigamba, kitu kikilegea nimekaza, kumbe hata spana hajawahi kuishika! Nyumba inakwenda mbele ya macho yake na hajui inakwendaje! Kuna watu hawana haya, mama watoto. Mimi nilishaanza kumshuku tangu sebuleni."

Mama Pazia alikuwa akitembea pembeni yake. Kwenye kona ya mtaa wao alisimama, akamtazama usoni kwa hamu halisi ya kujua.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Nasema hana haya."

"Haya," alisema Mama Pazia, na wakaingia ndani.

Asubuhi yake hakumwambia mumewe anakwenda wapi. Alimpitia fundi wa gereji ya jirani, wakaenda kwa mkunga. Geti lilikuwa bado na waya. Fundi alilala chini ya gari, akalizungusha barabarani, akalipandisha mlima likiwa na kiyoyozi, likachoka kama lilivyosemwa litachoka. Alipotoka alisema, "Mama, hili limetunzwa." Jioni Bwana Mita aliporudi kazini alilikuta limeegeshwa mbele ya nyumba yake, mlango wa nyuma umebamizwa barabara.

Likawaka kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi. Mapazia yalifika nyumba ya wageni yamekunjwa bila doa, yakatundikwa chumba kwa chumba kabla mwezi haujaisha, na mwenye nyumba akaagiza na ya ukumbi. Bwana Mita alipoulizwa na majirani alisema kwamba nyumba ya mkunga ilikuwa na dalili fulani ndogo ambazo mtu asiye na uzoefu asingeziona. Kuhusu Bwana Bima alieleza kwamba alimpa mkono makusudi, amtoe nyoka pangoni. Majirani walikubali. Kwa nini wasikubali, na gari lilikuwa pale linang'ara?

Alasiri moja kinyozi alikuja. Alikuwa ametajiwa gari dogo la jamaa mmoja na alitaka Bwana Mita amsindikize, ila mkewe alikuwa mbishi, anasema gari lipelekwe gereji. Bwana Mita alicheka kwa huruma.

"Ingia ndani," alisema. "Nikuonyeshe kitu, ukamweleze."

Akamwingiza jikoni. Alipousukuma mlango kwa kidole, ulikwenda nusu ukagoma, ukatoa sauti ya mbuzi. Akausukuma kwa bega, akaendelea kama hakusikia. "Tazama bomba," alisema. Akalifungua, akalifunga, akarudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni.

Ndo!

Alilikaza. Ndo! Alilikaza kwa mikono miwili hadi vidole vikawa vyeupe. Ndo! Ndo! Kinyozi, ambaye kazi yake ilimfundisha kutosema kila anachokiona kwenye kichwa cha mtu, alitazama dari.

"Mama watoto!" Bwana Mita aliita. Mkewe alikuwa uani akipakia mapazia kwenye gari. "Hili bomba limeanza lini kudondosha?"

"Tangu tulipohamia," Mama Pazia alijibu, akipanga furushi la mwisho. "Mpira wake huisha upesi. Ukiisha nabadilisha. Safari hii sikubadilisha."

"Na mlango?"

"Na mlango hivyohivyo."

"Spana iko wapi?"

"Ipo pale ilipokaa siku zote," alisema Mama Pazia. Akaubamiza mlango wa nyuma, akaingia, akawasha. Gari likawaka mara moja, likatoka getini.

Akaitafuta. Alifungua makabati ya jikoni, akakuta vijiko. Akafungua kabati la nguo, na sanduku la vyeti, akatazama juu na chini ya kitanda, kinyozi akimfuata kwa adabu kutoka chumba hadi chumba, na nyuma yao bomba likiendelea. Nyumba aliyoishi miaka yote, aliyoingiza watu kuja kuitazama, na hakujua kitu kiko wapi ndani yake. Aliona haya. Haikuwa haya ya kuonwa na kinyozi. Hata hakukumbuka tena kwamba kinyozi yupo. Alimwonea haya yule mtu wa kwenye cherehani aliyeuma uzi na kunyamaza, mgeni baada ya mgeni.

Mwishoni aliipata kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Ilikuwa spana ndogo. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha pazia na kushonwa ili usiumize kiganja, na kitambaa kilikuwa kimechakaa pale mahali pa vidole. Akaishika. Vidole vyake vilikuwa vinene, havikukaa kwenye zile alama.

Akarudi jikoni nayo, akasimama mbele ya bomba, asijue inazungushwa kwenda upande gani.